Ndoo ya Maziwa

Kwenu Coldwater, ng'ambo ya daraja,
ninaandika mimi, Verla Haugen, wa dirisha la tiketi namba mbili,
mwenye glavu zilizokatwa vidole, mwaka wa thelathini na moja sasa.
Sitawaita ndugu. Hamkuwa ndugu zetu.
Mlikuwa maadui, tena maadui wazuri,
na hilo ndilo linaloniuma.

Mnaikumbuka ndoo?
Ile ya bati, ya maziwa, tuliyoiiba kwenye zizi la chuo chenu
kabla mama yangu hajazaliwa.
Kila Novemba aliyefungwa aliipaka rangi ya aliyefunga:
bluu yetu, nyekundu yenu, bluu, nyekundu, nyekundu, nyekundu
(miaka ile mitatu nisiulizwe),
hata rangi ikawa nene kuliko bati.
Ikitoboka leo haitavuja.

Mwaka wa theluji kubwa mlitushinda kwa pointi moja,
mkatuzomea mpaka getini,
kisha mkaja na matrekta usiku huo huo
kulivuta basi letu kutoka mtaroni.
Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Televisheni haikutujua.

Kwanza ilikuja kamera moja, tukaipungia mikono kama watoto.
Halafu akaja mtu wa kofia nyekundu.
Akikanyaga mstari, mchezo unasimama:
vijana ishirini na wawili wanatoa mvuke puani,
watu elfu tisa wanapigapiga miguu sakafuni kwa baridi,
tunamngoja mtu wa mbali, ndani ya soksi zake,
amalize kuuziwa gari.
Kofia ikirudi nyuma, tunaruhusiwa kuendelea.
Saa saba mchana ikawa saa kumi.
Saa kumi ikawa saa nne usiku,
na wazee wa safu ya F wakaanza kufia nyumbani, mmoja mmoja,
badala ya kuzimia kwa heshima mbele ya goli.

Kisha Ijumaa ile, jioni, tangazo la aya mbili.
Ninyi mmechukuliwa na ligi ya matajiri.
Sisi hatukuitwa.
Wanasema walihesabu sebule, si watu,
na huku kwetu ngano ni nyingi kuliko sebule.

Siwalaumu. Nasema kweli.
Wangetuita sisi, ningelivuka daraja hilo peku,
wala nisingegeuka kuwaaga.

Lakini Annika, binti wa kaka yangu,
kaka yule aliyeoa kwenu akasamehewa nusu,
anawachezea voliboli.
Alinipigia saa nane usiku kutoka uwanja wa ndege,
wa tatu siku hiyo, kitabu cha kemia magotini.
Ligi yenu mpya ina jina la bahari moja
na safari za bahari mbili.
Fedha zililetwa na mpira wa wavulana; usingizi unalipwa na wasichana.
Nikamuuliza, mlishinda?
Akanyamaza kidogo.
"Shangazi, huku hata hawajui kutuzomea.
Wanatamka jina la chuo kwa kulisoma."

Sasa ni Novemba. Jumamosi yetu.
Kwenye ratiba wameandika: Hakuna mchezo.
Nilikwenda hivyo hivyo, nikafungua dirisha namba mbili,
nikakaa na chupa ya kahawa.
Alikuja mbwa. Akaja na Orrin Tveit, amelewa kiasi,
akataka viti viwili karibu na wageni,
apate wa kuwatukana.
Nikamkatia. Hakudai chenji.

Ndoo iko hapa mezani ninapoandika.
Ni bluu; mara ya mwisho tuliwafunga.
Mliipaka kwa haraka, rangi imechuruzika penye mpini,
nami nilikasirika, nikasema hawa watu hawana adabu.
Leo nimelikwangua tone hilo kwa ukucha.
Chini yake nyekundu, chini yake bluu,
chini tena rangi nisiyoijua, ya mikono isiyokuwepo.
Nimeacha hapo.

Mkipata nafasi kati ya ndege na ndege, njooni.
Timu si lazima.
Tutarusha sarafu katikati ya daraja,
atakayeshindwa apake.
Brashi leteni ninyi. Yetu imekauka.